SMS Umelipia, Mteja Hajaipata

Wauzaji wenzangu, tuongee ukweli. Mteja akishalipia kisha ukakaa kimya, saa moja tu inatosha akuite tapeli. Ule ujumbe wa "oda imepokelewa, mzigo unatoka leo" ndio unamtuliza. Lakini wengi wetu tunachagua huduma ya kutuma meseji kwa kuangalia bei ya SMS tu. Mimi nilifanya hivyo, nimejuta.

Nilinunua kifurushi cha SMS za mkupuo, bei chee kabisa. Wateja wa mikoani wakaanza kupiga: "Dada, mzigo wangu uko wapi?" Nikiangalia kwangu, imeandikwa "imetumwa". Kumbe maana yake imetoka kwao, siyo kwamba imefika kwa mteja! Mzigo umekaa ofisi ya basi siku tatu, mwenyewe hana habari. Wawili walidai hela yao, nikarudisha.

Siku hizi swali langu la kwanza siyo bei. Nauliza: mna ripoti ya kufika, namba kwa namba? Wakianza kuzungukazunguka, naaga.

Halafu kuna hili la emoji, wengi hawalijui. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Chomeka emoji moja tu, hata kile kimoyo cha mwisho, nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakatwa vipande vitatu, na unalipia vyote vitatu. Kwa wateja 400 hiyo ni SMS 1,200 badala ya 400. Kimoyo cha gharama hicho jamani.

WhatsApp Business kwa anayeanza naiunga mkono, kuipakua ni bure. Ila orodha moja ya matangazo mwisho namba 256, na anayepata ni yule tu aliyehifadhi namba yako. Bando likiisha napo hapati mpaka aunge tena. Ndiyo maana bidhaa mpya natangaza WhatsApp, lakini habari ya mzigo natuma kwa SMS.

Kabla hujalipa, omba SMS chache za majaribio. Tuma kwenye laini za mitandao yote ya wateja wako, simu moja uwe umeizima. Ripoti ikikuambia imefika kwenye simu iliyozimwa, hao waache.