Kodi ya nusu mwaka: mmetupa jibu, tupeni na hesabu!

Haya wadau, leo nina neno na wakubwa wa makampuni yaliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa. Nina neno pia na sisi waandishi tunaowapigia makofi.

Kila msimu wa taarifa za nusu mwaka ukifika, magazeti yanajaa kurasa za namba. Vichwa vya habari ni vile vile: faida baada ya kodi yapaa! Tunanakili, tunalala. Hakuna anayeuliza hiyo kodi imepatikanaje wakati mwaka wenyewe haujaisha.

Hapa Tanzania kampuni hulipa kodi ya mapato kwa awamu, kwa makadirio, na ritani ya mwisho hupelekwa miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Kwa hiyo ile "kodi" ya Juni siyo risiti ya TRA. Ni makadirio ya uongozi.

Kukadiria si dhambi. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 34 ndicho kinachoagiza hivyo: kadiria faida ya mwaka mzima, kadiria kodi yake, pata asilimia, kisha izidishe kwa faida ya miezi sita. Ubaya unaanza pale asilimia hiyo inapofichwa.

Tuchukue kampuni ya kubuni. Inatarajia faida ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka, na nusu yake imepatikana hadi Juni. Kodi ni asilimia 30. Lakini ndani ya mwaka kuna gharama za milioni 400, tuseme faini za kuvunja sheria, ambazo sheria ya kodi haizikubali. Basi kodi inatozwa kwenye bilioni 2.4, yaani milioni 720, ambayo ni asilimia 36 ya faida. Kodi ya nusu mwaka iwe milioni 360. Meneja mwenye matumaini mengi akiandika asilimia 30 tu, inakuwa milioni 300. Milioni 60 za "faida" zimezaliwa mezani, bila kuuza hata mche mmoja wa sabuni!

Mtasema zitarekebishwa Desemba. Ni kweli, lakini nani ataona? Nusu ya pili ya mwaka kwa kawaida haina taarifa yake, inamezwa ndani ya hesabu za mwaka mzima. Kiwango kinataka badiliko kubwa la makadirio lielezwe kwenye hesabu za mwaka, ila mwalimu aliyenunua hisa mwezi Agosti kwa kuamini tangazo la gazetini keshalipa.

Majirani zetu Kenya walionyesha namba hii inavyoyumba. Aprili 2020, wakati wa korona, kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Desemba mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuirudisha 30 kuanzia Januari 2021. Kampuni iliyokuwa na nafuu ya kodi ya baadaye vitabuni, yenye thamani ya milioni 300 kwa kiwango cha zamani, iliona thamani hiyo ikishuka hadi milioni 250 hesabu za Juni zilipofungwa, kisha ikapanda tena Desemba. Biashara ile ile, wateja wale wale! Asiyeeleza hilo kwa lugha nyepesi amemwacha msomaji gizani.

Najua jibu la wahasibu: eti hawalazimishwi kuchapisha asilimia waliyotumia. Sawa, lakini nani amewakataza? Ni mstari mmoja: tumetumia asilimia fulani, mwaka jana ilikuwa fulani, tofauti imetokana na jambo fulani. Mna nafasi ya kuweka picha ya mwenyekiti akitabasamu, mtakosaje nafasi ya mstari huo?

Na sisi waandishi tuache uvivu. Gawanya kodi kwa faida kabla ya kodi. Linganisha na mwaka jana. Hesabu za mwaka zikitoka, toa zile za Juni uone nusu ya pili ilibeba nini. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, simu yako ina kikokotoo.

Kampuni inayoomba fedha za umma kupitia soko la hisa haina haki ya kutuambia "tuaminini tu". Namba bila maelezo ni tangazo la biashara, na matangazo hulipiwa. Hayaandikwi bure na waandishi wa habari.

Naomba kutoa hoja.