Namba tisa wa kijiji na dakika 87 bila mupira

Tarehe 16 Novemba 2025, ku Rabat, Nigeria ilitutia bao mapema sana. Dakika ya 32 Meschack Elia akalirudisha. Kisha zikaja penati, Chancel Mbemba akapiga ya mwisho, na Léopards wakapita. Toka usiku ule, ku kare kama vile ku mitaa, kila baba mwenye mutoto anayefunga mabao anajiuliza swali moja: wangu naye, hawezi kufika?

Hatuko hapa kumukatia mutu tumaini. Lakini tumeifuata njia ya Elia tangu mwanzo, na haifanane hata kidogo na ile tunayowapitisha watoto wetu wa Musienene.

Tarehe 7 Februari 2016, ku Kigali, fainali ya CHAN, Kongo ilipiga Mali 3-0. Elia alitia mawili, na wakamutaja muchezaji bora wa mashindano yote. Alikuwa na miaka 18. Hapa kwetu, mutoto wa namna ile wangesema ameiva, apande ndege kesho. Yeye alibaki TP Mazembe. Ekipe ikakamata Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2016, tena 2017. Ni mwaka 2020 tu njo aliingia Young Boys ya Bern, inchi ya Uswisi, na kule akashinda shampiona mara ine. Oktoba 2023 akafunga Manchester City mu Ligi ya Mabingwa. Toka Kigali mpaka Rabat ni miaka tisa na miezi tisa. Na mabao alikuwa anajua kuyafunga tangu siku ya kwanza! Sasa miaka hiyo yote alikuwa anajifunza nini?

Tuangalie kwanza namba tisa wetu. Kila kijiji kiko naye. Kiwanja kinateremka upande mumoja, ekipe nzima inamupigia mipira mirefu, yeye anakimbia kupita wengine, anafunga tatu. Jioni wakubwa wanamupa feza kidogo ya soda. Lakini umuangalie wakati ekipe yake inapoteza mupira: anasimama, mikono ku kiuno, anangoja. Hakuna mutu anayemugombeza, juu amefunga tatu. Mama yake anashangilia, kocha anaogopa kumukasirisha, na wachezaji wenzake wamekwisha kuzoea kumukimbilia.

Mu mechi ya dakika 90, mupira unakaa ku miguu ya muchezaji mumoja dakika mbili ao tatu tu. Zile 87 zingine anacheza bila mupira. Sisi tunamuhesabia mutoto zile tatu. Ekipe kubwa inakuja kuangalia zile 87: anarudi kusaidia beki? Anasumbua adui anayeanza mupira kule nyuma? Anajua kupokea wakati amegeukia kipa wake na mutu mukubwa yuko ku mugongo? Muguu wa kushoto unafanya kazi, ao ni wa kusimamia tu?

Njo maana namba tisa wa kijiji akifika ku Stade Matokeo, ku Butembo, mara mingi anapotea. Anakutana na beki wa miaka 25 anayekimbia kama yeye, na ile mbio ilikuwa silaha yake moja. Dakika ya 60 wanamutoa. Watu wanarudi wakisema amelogwa, ao kocha ni wa kabila fulani. Hapana. Hakuna mutu aliyemufundisha ile kazi ingine.

Ninyi wachimbaji munajua hii mambo kupita sisi waandishi. Kijana anayejua kupiga nyundo tu, hata kama iko na nguvu ya watu wawili, hamumuachie kuongoza shimo. Mutamuuliza kama anajua kuweka miti ya kushikilia udongo, kama anasikia mwamba unapoanza kulia, kama anajua maji yanakuja upande gani. Nguvu inamuingiza mu kazi. Ile ingine yote njo inamufanya akuwe mutu wa kutegemea. Ku mupira iko vile vile.

Na haiombe feza nyingi. Kocha wa kijiji (tunajua wengi hawalipwe hata franka moja) anaweza kumuweka yule namba tisa beki mu mechi mbili, tatu, ili ajue mwenyewe nini inasumbua beki. Anaweza kusema leo bao lako halihesabiwe mpaka umupe mwenzako pasi ya bao. Anaweza kumufungia muguu wa kulia: mazoezi yote ya wiki ni kushoto. Mutoto atanuna, baba yake atakuja kulalamika pembeni ya kiwanja. Ni hapo wazazi tunawaomba kitu kimoja: muache kulalamika. Kila mara munapolia «Piga! Piga!» munamuambia mutoto asiinue macho kuangalia mwenzake aliye huru.

Iko pia mambo ya roho. Trésor Mputu wa Mazembe, mwaka 2009, alishinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika na wakamuchagua muchezaji bora kati ya wale wanaocheza Afrika. Mwaka 2010, tena ku Kigali, mu Kombe la Kagame, akamushambulia mwamuzi. FIFA ikamusimamisha miezi 12. Desemba ile Mazembe ikapiga Pachuca, ikapiga Internacional ya Brazili, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu ku Abu Dhabi na kucheza na Inter ya Milano. Ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mputu hakucheza. Miguu yake haikuwa na shida yoyote.

Sasa tuje ku feza, juu hapo njo familia zinaumia.

Wazazi wengi wanatujibu hivi: «Hapa hakuna akademi. Ile ya Katumbi iko Lubumbashi, mbali sana. Barabara ya Goma iko na vita, upande wa Manguredjipa watu wanauawa. Mutoto akibaki, atashuka mu shimo ao atachukuliwa na watu wa silaha. Nikipata mutu wa kumupeleka Ulaya, nitalipa.» Hoja hii iko na uzito, na hatuwezi kuicheka. Baba anayeuza shamba ao gramu zake za mwaka mzima juu ya mutoto si mujinga. Anatafuta mulango wa kutokea.

Lakini ule mulango wanaomuonyesha haufunguke. Sheria ya FIFA inakataza kumuhamisha muchezaji toka inchi moja kwenda ingine kabla ya miaka 18, isipokuwa mambo machache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia kule kwa sababu isiyo ya mupira, ao mutoto kuwa mukimbizi. Kwa hiyo mutu anayemuahidi kijana wa miaka 15 wa Musienene kontra ya Ulaya, anasema uongo, hata kama iko na suti na simu mbili. Tena wakala anayekubaliwa anapaswa kuwa na lisansi ya FIFA, na kwa mutoto anahitaji ruhusa ya muzazi iliyoandikwa. Mumuombe lisansi. Akianza kukasirika, mumekwisha kupata jibu.

Na wale wanaofika wakishikiliwa na mutu mumoja, wanaweza kulipa bei ingine. Silas Katompa Mvumpa alizaliwa Kinshasa. Mu Bundesliga alikuwa Silas Wamangituka wa Stuttgart, mushambuliaji mwenye mbio ya kutisha, mabao 11 mu msimu wa 2020-2021. Juni 2021 alisema ukweli: jina lile halikuwa lake, na tarehe ya kuzaliwa pia; wakala wake wa zamani njo alibadilisha na kumuweka mu woga. Shirikisho la Ujerumani likamusimamisha miezi mitatu na kumulipisha euro 30.000. Alirudi kucheza akiwa na jina lake la kweli. Lakini fikiri: kufunga mabao mbele ya Ujerumani nzima, na kila goli wanatangaza jina ambalo mama yako hakukupa.

Iko na njia ingine ya feza, ya halali, ambayo ekipe zetu ndogo zinaipoteza bila kujua. Muchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa vilabu vilivyomufundisha toka miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka wa miaka 12 mpaka 15 unaleta robo ya asilimia. Toka 16, nusu ya asilimia. Kijana akiuzwa dola milioni moja, kilabu kilichokuwa naye mwaka mumoja wakati iko na miaka 13 kinadai dola 2.500, cha miaka 17 kinadai 5.000. Ni kama mugawanyo wa shimo: aliyechimba, aliyebeba, aliyeosha, kila mutu na sehemu yake. Lakini kama jina la mutoto halikuandikwa mu shirikisho mwaka ule, ekipe haiko na kitu ya kuonyesha. Mutoto bila lisansi ni kama dhahabu iliyotoka usiku: itauzwa, lakini Musienene haitaonekana popote.

Kwa hiyo ile feza ya shamba, ifanye nini? Kwa maoni yetu, kwanza ilipe shule. Namba tisa anayesoma mpaka diploma ya serikali atajua kusoma kontra yake mwenyewe, na goti likivunjika (goti linavunjika, hata la wenye talanta) atakuwa na kazi ya kufanya. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 mu Kombe la Afrika la 1974, na mpaka leo hakuna aliyemupita. Alikufa 2019 ku Afrika Kusini, mahali alipofika kama mukimbizi na kuishi miaka mingi mu umaskini. Mabao 9 hayakumulipia nyumba.

Baada ya shule, karatasi. Kuandikisha mutoto ku état civil ni bure mu siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, lazima uamuzi wa tribinali, na pale munajua wenyewe kinachofuata. Kwa familia zilizokimbia vita na kupoteza kila kitu, tarehe ya kweli ya mutoto iko leo mu kichwa cha mama peke yake. Iandikwe wakati yeye angali hapa wa kuisema, mbele mutu mwenye suti hajafika na tarehe yake mu mufuko.