Mkoko unachemsha Shekilango, wewe unawaza rimu mpya?

Wadau, leo tuweke kando nani kaachana na nani. Tuongelee kitu kinachowaumbua mastaa wetu na sisi mashabiki wao kwa pamoja: gari kuchemsha.

Sitaji jina la mtu, maana siyo mmoja. Picha yenyewe mnaijua. Asubuhi mkoko umetupiwa Insta, rimu zinawaka, viti vya ngozi, chini kaandika "Mungu ni mwema". Jioni mkoko huohuo uko pembeni ya Shekilango, boneti juu, mvuke unafuka kama sufuria ya supu, na mwenyewe kavuta kofia hadi puani asijulikane. Hapa Sinza! Eti asijulikane. Kabla hajapata dumu la maji, watu wameshamrekodi.

Tunacheka, tunaandika "kausha damu hiyo" tunapita. Lakini kiukweli wengi wetu tuko hivyohivyo, ila hatuna wafuasi wa kutuona. Tuna hela ya tinti, hela ya spika za nyuma, hela ya kuosha gari kila Jumamosi. Ikija kwenye kulanti, tunasema "weka maji tu fundi, twende". Na gari likichemsha tunataka tiba ya dakika kumi bila kupima. Hapo ndipo injini zinapofia.

Kuchemsha siyo ugonjwa, ni homa. Wewe ukipata homa unaenda kupima, maana inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ukimeza Mseto wakati huna malaria, utabaki na homa yako na hela imeenda. Gari ni vilevile. Fundi anayekwambia "hii rejeta, kanunue nyingine" kabla hata hajaigusa, huyo kabahatisha tu.

Na wala kupima siyo uchawi. Swali la kwanza: linachemsha wakati gani? Kama linachemsha kwenye foleni, ila ukipata njia nyeupe joto linashuka, muangalie feni kwanza. Ukiwa kwenye mwendo upepo unaipoza rejeta wenyewe. Ukisimama, kazi yote ni ya feni. Feni isipozunguka, inaweza kuwa fyuzi, rilei, sensa au mota yake. Fyuzi ni kitu cha bei ya soda. Sasa fikiria mtu kanunua rejeta nzima kwa ajili ya fyuzi.

Kama mjini linatulia ila ukikanyaga mafuta barabara kuu, au ukipanda mlima kama Kitonga, joto linapaa, hapo shaka ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba, themostati haifunguki vizuri, au pampu ya maji imechoka.

Kama maji yanapungua na chini huoni tone, usifurahi kwamba "halivuji". Yanaenda wapi? Angalia kama linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imeshapata moto, kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, au kama kuna mapovu yasiyoisha kwenye maji ya rejeta. Hizo ni dalili za gasketi ya hedi. Na usiudharau mfuniko wa rejeta. Ule ndio unaoshikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Mpira wake ukiisha, maji yanachemka mapema na kumwagika, na wewe unaanza kuilaumu injini.

Sasa tuje kwenye dawa maarufu ya gereji bubu: "Toa themostati." Hii ndiyo inanikera kuliko zote. Themostati ni kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwa magari mengi ni kuanzia nyuzi 82 hivi, ndipo kinafungua. Watu wanasema Dar ni joto, hicho ni cha nchi za baridi. Siyo kweli. Hata siku ya jua kali la Februari, hewa ya Dar iko kwenye nyuzi thelathini na kitu. Injini inataka zaidi ya mara mbili ya hapo ili ifanye kazi sawasawa.

Ukikitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta ya gari inadhani bado ni baridi, inaendelea kumimina mafuta. Halafu unalalamika Vitz yako inakunywa kama lori. Na kuna injini ambazo ukikitoa, maji yanapita njia ya mkato bila kufika vizuri kwenye rejeta, kwa hiyo linachemsha zaidi! Kama themostati imekufa, weka nyingine nzima. Ukitaka kujua kama imekufa, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka. Kipimo hicho hata jikoni kwako kinafanyika.

Lingine ni maji. Magari yetu mengi yanatoka Japani na kulanti yake safi, Toyota utakuta nyekundu au pinki. Yakifika hapa, siku ya kwanza hozi ikipasuka tunajaza maji ya bomba au ya kisima. Na maji ya visima vya Dar tunayajua, mengine ukinywa unasikia chumvi. Chumvi na kutu vinajenga ndani ya rejeta taratibu, vinaila pampu, na mwaka mmoja baadaye unasema gari lina mkosi. Halina mkosi bana, limelishwa vibaya.

Najua mtasema mafundi ndio wezi. Wapo wababaishaji, sikatai. Lakini fundi mwingine anajua kabisa kinachotakiwa, ila wewe umemwambia una elfu kumi na unawahi shughuli Mwenge. Atafanya nini? Atatoa themostati, atajaza maji, atakupa mkono. Unakataa kulipia muda wa kupima, halafu unalipia spea tatu za kubahatisha kutoka Kariakoo. Hesabu hiyo nani kaikosea?

Staa akiharibikiwa ataazima gari la rafiki, kesho anaposti tena. Ninaowaonea huruma ni vijana wa teksi za mtandao, wanaoendesha gari la bosi na hesabu ya wiki inawasubiri. Yeye akiona taa nyekundu anasema "nimalizie abiria huyu tu". Safari hiyo moja inatosha kuipindisha hedi. Ikipinda, inafunguliwa, inapelekwa kwenye mashine kusawazishwa, gasketi mpya, na gari linalala gereji huku hesabu hailali. Ikipasuka, mnaongelea injini nyingine. Mabosi, mkiambiwa gari linapungua maji msijibu "komaa nalo". Ni gari lenu.

Magari mengi madogo siku hizi hayana mshale wa joto, yana taa tu: bluu ni baridi, nyekundu ni hatari. Taa nyekundu ikiwaka, umeshachelewa, siyo muda wa kubishana nayo. Zima AC, tafuta pa kupaki, zima injini. Kama ni lazima usogee kidogo kutoka katikati ya barabara, washa hita yote na feni yake. Mtatoka jasho, ila inavuta joto kutoka kwenye injini. Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto, hata kama konda wa daladala anakupigia kelele. Maji yale yanaruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi. Na usimwagie injini ya moto maji ya baridi, chuma kinapasuka.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu mnaonunua ndinga mwaka huu: kabla ya rimu, kabla ya tinti, kabla ya kumpigia mpiga picha, mwambie fundi apime mfumo wa maji. Mfuniko, hozi, feni, pampu, kulanti. Akikwambia badilisha kitu, muulize swali moja tu: "Umejuaje?" Fundi mzuri atakuonyesha. Akikasirika, hama gereji.

Haya, gari lako liliwahi kuchemsha wapi, na fundi alikwambia ni nini? Na ukweli mtupu: themostati yako bado ipo, au ilishatolewa hata hujui?