Tairi Zuri Likae Nyuma

Katika insha hii ninapinga desturi moja iliyoota mizizi kwetu Karusandara, wilayani Kasese, na ambayo naamini wenzangu kutoka pembe nyingine za Uganda wanaijua pia. Mwenye gari la abiria akipata fedha za kununua matairi mawili mazuri, huyafunga mbele. Nyuma huweka mawili ya bei ya chini kabisa, au ya mtumba, na mara nyingi hata hayo mawili hayafanani: moja la kampuni hii, jingine la kampuni ile. Akishamaliza hujisifu kwamba amelitengeneza gari. Mimi nasema amelipamba tu. Wanaolipia pambo hilo ni abiria, tukiwamo sisi wanafunzi tunaopanda magari hayo kila muhula unapofunguliwa na kufungwa.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tairi jipya hupendeza macho, na macho ya watu huanzia mbele ya gari. Abiria anayekuja hutazama mbele. Anayekagua gari barabarani naye husimama mbele. Basi nyuma hufichwa umaskini wetu, kama vile mtu anavyoificha shati iliyochanika ndani ya koti.

Wanaoitetea desturi hii si wajinga, na hoja zao tatu zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba usukani uko mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Kwa hiyo nguvu ya kushika barabara inatakiwa mbele. Ni kweli breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi, lakini tujiulize sababu yake. Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Sasa wewe umechukua sehemu iliyokwisha kuwa nyepesi ukaipa matairi dhaifu. Juu ya lami yenye maji, ni ipi itakayoteleza kwanza?

Tofauti kati ya kuteleza mbele na kuteleza nyuma si ndogo. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari hukataa kukata kona, likaendelea kunyooka. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi mikononi. Akiondoa mguu kwenye mafuta taratibu, mwendo hupungua na mara nyingi gari humtii tena. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, mkia hutaka kutangulia kichwa. Usukani hautoi onyo la mapema, na dereva wa kawaida kwa hofu hukanyaga breki kwa nguvu, jambo linalozidisha mzunguko. Magari mapya yana mitambo ya kielektroniki ya kuzuia gari lisizunguke. Mengi ya yale tunayoyapanda sisi hayana. Ndiyo maana hata Michelin, kampuni ambayo ingefurahi kukuuzia matairi yake uyafunge popote, hushauri jozi iliyo bora ikae nyuma, hata kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele.

Hapa tunaingia katika hoja ya pili. Husemwa kwamba matairi ya mbele huisha haraka, hasa katika gari linalovutwa kwa mbele, hivyo ndiyo yanayohitaji kubadilishwa. Naam, huisha haraka. Lakini kuisha mbele hakukulazimishi kufunga mapya mbele. Hamisha yale ya nyuma ambayo bado yana mifereji, uyalete mbele, kisha mapya yafunge nyuma. Ni kazi ya jeki na spana. Fundi wa matairi anayeziba pancha kando ya barabara anaiweza.

Tena tusisahau namna tunavyopakia. Gari linalotoka huku kwetu, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, halibebi watu peke yao. Nyuma huwekwa magunia ya mahindi, mchele na vitunguu. Kila tairi limechapwa ubavuni namba ya uzito linaoweza kubeba: 91, kwa mfano, maana yake ni kilo 615. Tairi la mtumba lililochukuliwa kwa sababu tu limeingia kwenye rimu laweza kuwa na namba ndogo kuliko gari linavyotaka. Ni watu wangapi huisoma kabla ya kutupia gunia la tano?

Ubavuni humo humo huchapwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2316, tairi hilo lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Hukauka, hupasuka nyufa ndogondogo, hupoteza nguvu ya kushika. Tangu sheria ya mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15. Tumejifunza kuhesabu umri wa gari. Umri wa tairi, ambalo ndilo pekee linalogusa ardhi, hatuuhesabu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: umaskini. "Wewe msomi unasema tu, mimi nina watoto wa kulisha." Siwezi kuidharau hoja hii, kwa kuwa kwetu hakuna asiyeijua. Lakini tufanye hesabu. Tuseme tairi la bei ya chini kabisa ni shilingi moja na la jina kubwa ni shilingi mbili. Mawili ya jina kubwa na mawili ya bei ya chini ni shilingi sita. Manne ya daraja la kati, kila moja shilingi moja na nusu, ni shilingi sita vilevile. Fedha ni ile ile. Tofauti ni kwamba matairi manne yanayofanana huanza kuteleza karibu pamoja na husimama pamoja, na gari haligawanyiki kichwa na mkia.

Wala sisemi kwamba bei ghali ni jina tupu. Barani Ulaya, tangu mwaka 2012, tairi jipya huuzwa likiwa na lebo inayoonyesha daraja lake la kushika lami yenye maji. Katika mpango ule wa kwanza, tofauti ya kusimama kati ya gari lenye matairi manne ya daraja A na lenye manne ya daraja F, kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ilikadiriwa kufika mita 18 hivi. Huo ni urefu wa magari madogo manne yaliyopangwa mstari mmoja. Mvua zetu zikishuka kutoka Rwenzori na maji yakatanda barabarani kati ya Hima na Kasese, mita hizo ndizo zinazotenganisha kusimama nyuma ya lori na kuingia chini yake. Basi, anayefunga tairi bora upande wa kushoto na dhaifu upande wa kulia wa ekseli moja amefanya kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa breki zikikanyagwa, upande mmoja hushika na mwingine huteleza, na gari huvutwa kando.

Huenda mhadhiri akauliza insha ya Kiswahili ina shughuli gani na matairi. Nenda Bwera, fika mpakani Mpondwe, usikilize wafanyabiashara wa Uganda na wa Kongo wanavyopatana bei. Kiswahili kimo kinywani mwao. Lugha inayotosha kuuzia tairi bovu lazima itoshe kulikataa.

Kwa wenye magari, ninachotaka ni hiki: nunueni manne yanayofanana hata kama ni ya daraja la kati. Mkishindwa, nunueni jozi, msitenganishe jozi hiyo, na muifunge nyuma. Kwa wenzangu wanafunzi, ninachotaka ni hatua chache tu. Kabla hujampa kondakta nauli, zunguka nyuma ya gari, uiname, utazame. Ukikuta vipara viwili visivyofanana, rudishia mfuko wako fedha zako na umwambie sababu kwa sauti, abiria wengine wasikie. Mwenye gari atakapopoteza abiria kwa sababu ya nyuma ya gari lake, ataacha kupamba mbele.