Bibi Bwana hakuwa peke yake

Nimechoka kusoma kwamba May French-Sheldon alifika Kilimanjaro "peke yake". Mwaka 1891 Mmarekani huyu aliondoka Mombasa na wapagazi zaidi ya 100, wengi aliwapata Zanzibar. Alikuwa na machela ya kubebwa, tena ya kifahari, na gauni la sherehe pamoja na wigi la kuvaa mbele ya wakuu wa huko, aliowaita masultani. Kumbe "peke yake" maana yake hakuwa na Mzungu mwenzake, basi!

Ati shujaa wa wanawake. Ujasiri alikuwa nao, sikatai. Lakini hata jina analojivunia kitabuni (1892), Bibi Bwana, ni Kiswahili. Mnaomsifu, mnadhani alijiita mwenyewe? Machela nayo ilijibeba?