Elimu Iliyolala Huamshwa

Wahenga wetu walisema: "Mali bila daftari hupotea bila khabari." Katika zama zetu hizi daftari la maduka, zahanati na shule limehamia ndani ya kompyuta, nalo huitwa hifadhidata. Vijana wengi, wa kiume na wa kike, walifundishwa kazi hiyo vyuoni, na wazazi wao wakajinyima ili kulipa ada. Kisha miaka ikapita pasipo kuitumia. Leo kijana akiulizwa hujibu: "Nimesahau yote," na huomba ada ya pili. Twapenda mwezi huu kusema na kijana na mzazi pia, kabla fedha hazijatoka.

Kwanza, yafaa ifahamike ya kwamba aliyesahau hayuko sawa na asiyepata kujifunza kamwe. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha mpaka akazisahau, kisha akazihifadhi upya. Akaona kwamba mara ya pili ilimchukua muda mfupi kuliko ya kwanza.

Pili, elimu yenyewe haikugeuka sana. Mpango wa kuweka khabari katika majedwali yanayohusiana ulielezwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata wenzake wakaanza kubuni lugha ya SQL. Programu zimebadilika sura mara nyingi, lakini amri za SELECT, FROM na WHERE alizojifunza kijana miaka 10 iliyopita ndizo zitumikazo hata leo.

Tatu, zana zapatikana bure. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, ni mali ya watu wote. Ni ndogo hata imo ndani ya simu za Android, na kompyuta kuukuu yaitosha. Ikishapakuliwa, hufanya kazi pasipo intaneti.

Kilichobaki ni mazoezi ya nusu saa kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, juu ya kazi ya kweli. Tuchukue daftari la madeni ya duka. Juma la kwanza, tengeneza majedwali mawili: moja la wateja, kila mteja na namba yake, la pili la madeni, lenye namba ya mteja, kiasi na tarehe. Jina huandikwa mara moja tu. Namba ndiyo iunganishayo. Juma la pili, uliza maswali mepesi: ni madeni gani yamepita siku 30? Juma la tatu, unganisha majedwali kwa JOIN na ujumlishe deni la kila mteja kwa SUM. Juma la nne, linganisha jumla ya kompyuta na ya daftari la karatasi. Zikitofautiana, tafuta kosa mpaka ulione, kwani hapo ndipo elimu hurudi. Kila siku jaribu kuandika amri kwa kichwa kabla ya kufungua kitabu. Usisahau kuweka nakala ya akiba, wala usionyeshe madeni ya watu kwa wasiohusika, maana siri zao ni amana.

Hatusemi kwamba ada haina mahali pake. Mwajiri akitaka cheti maalumu, au kijana akiwa hakupata kufundishwa kabisa, mwalimu atahitajika. Lakini mwezi huo wa nyumbani utamwonyesha kijana ni lipi hasa lililompungukia, ili alipie hilo tu.

Nanyi wazazi, msimcheke anayerudia masomo ya zamani. Mpeni nafasi tulivu, mpeni na daftari la duka. Mwisho wa mwezi mwambieni awasomee orodha ya wadaiwa, nanyi mtajua kama ada ile ya kwanza ingali hai.