Nilitaka Kung'ara kwenye Picha, Nikashindwa Kula Ndafu

Mwezi uliopita niliongelea mawifi na nikapigiwa simu na wifi zangu wawili kwa siku moja, kwa hiyo leo naongelea mdomo wangu mwenyewe. Hapo sidhani kama kuna wa kunidai.

Mwenzenu ni binti wa Meru, nimekulia upande wa Maji ya Chai, nje kidogo ya Arusha ukielekea Moshi. Kama unapafahamu, umeshajua naelekea wapi. Maji ya kule yana floraidi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yaani mpaka kama miaka 8 hivi, yanaweza kuishia kuwa ya kahawia. Si uchafu, wala si uvivu wa mswaki. Shule ya msingi sikujua hata kama nina tatizo, maana darasa zima tulikuwa hivyo hivyo. Nilikuja kujua nikiwa chuo Dar, msichana wa chumba cha pili aliponiuliza kama kwetu dawa ya meno haifiki.

Basi bwana, mwaka 2014 nikachumbiwa. Mchumba, huyu huyu Baba watoto, hakuwahi kusema chochote kuhusu meno yangu. Lakini siku niliyopelekwa kwao Tanga kutambulishwa, nikiwa jikoni nasaidia kukuna nazi, nikamsikia shangazi yake akiuliza, tena si kwa kunong'ona: "Binti mzuri, ila mbona anavuta sigara?"

Nilicheka nimefumba mdomo. Nikarudi Dar, nikaendelea kucheka hivyo hivyo miezi mitatu.

Shosti wangu wa kazini, ambaye ndiye angenisimamia kwenye harusi, naye alikuwa na lake. Alitaka awe mweupe kabla ya Desemba. Kuna dada mmoja wa saluni alikuwa akimchanganyia mkorogo kwenye kopo lisilo na lebo. Tukapeana siri zetu, tukaapizana, kila mtu akashika njia yake.

Mimi nilienda kliniki moja ya mjini, jina naliacha. Niliuliza maswali mawili tu: bei gani, na je yatakuwa tayari kabla ya sendofu? Nikaambiwa ndani ya wiki mbili nitakuwa na meno kama ya mtangazaji wa televisheni. Kwamba ili uvalishwe ganda la kauri ni lazima kwanza jino lako lisagwe, hilo sikuuliza na wao hawakulisema kwa sauti. Kuna vinia, ambazo zinakwanguliwa mbele tu, kitu kama nusu milimita. Na kuna kofia kamili, ambayo jino linasagwa kuzunguka pande zote mpaka linabaki kijiti. Mimi nilisagwa meno 8 ya mbele, ya juu, yote kwa kofia. Yalikuwa na rangi mbaya, sikatai, lakini hayakuwa na tundu hata moja.

Ukikata ukucha unaota. Enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, haioti. Chembe zinazoitengeneza zinakuwa zimeshakufa siku jino linapochomoza kwenye fizi, kwa hiyo kikishaondolewa kimeondoka. Chini yake kuna tabaka lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Ndiyo maana ganzi ilipoisha nilihisi kama nimeng'ata barafu na sindano kwa pamoja. Nikaambiwa itapoa.

Sendofu ikafika, Arusha, ukumbi umepambwa, mama zangu wadogo wamevaa sare. Nilitabasamu siku ile jamani, na picha bado ninazo. Ikaletwa ndafu, mbuzi mzima na majani yake mdomoni. Mchumba akanilisha kipande cha kwanza, nyama ya paja, ya moto. Niling'ata mara moja tu. Machozi yakanitoka hadharani, na MC akaruka na kipaza sauti: "Bibi harusi analia kwa furaha!" Vigelegele ukumbi mzima. Nikashushia na soda ya baridi kupoza. Huo ndio ujinga wa pili, kama mtu umewahi kuumwa jino unaelewa.

Sasa tuje kwenye pesa. Tulikuwa na akaunti ya pamoja kwa ajili ya kitanda na friji. Nilichota humo nikijiambia nitarudisha kwa zawadi za kitchen pati. Aligundua wiki ya pili baada ya harusi, dukani, amesimama mbele ya muuza fanicha. Hakufoka, na afadhali angefoka. Usiku aliniuliza, "Nani alikwambia mimi naona meno yako mabaya?" Nami nikamjibu, "Mbona hukuwahi kusema ni mazuri?" Tukanyamaza wote wawili mpaka umeme ukakatika.

Miaka yote hii nimelirudia swali lake na jibu langu, na bado sijui nani alishinda. Nilimuibia, hilo halina mjadala. Ila akina kaka mnaosoma hapa, mtu anapoacha kucheka wazi miezi mitatu mbele yako, kunyamaza si upole. Angeniuliza mara moja tu, labda tungekuwa na friji.

Yaliyofuata nayafupisha. Meno mawili mishipa yake ilikufa ndani ya miaka mitatu, yakatibiwa mizizi, viti vya daktari nikavizoea. Fizi zikapanda kidogo na ukatokea mstari mweusi pale kauri inapoishia, maana kofia zile kwa ndani ni chuma. Kofia moja ilinivukia kwenye ugali, mbele ya bosi wangu. Kofia nzuri unaweza kuitegemea miaka 10 hadi 15, halafu inabidi kubadilisha. Mimi nina miaka 38, piga hesabu mwenyewe. Kilichoniuma zaidi ni daktari wa meno wa hospitali moja ya mkoa, aliyenigombeza kama mama. Alisema kwa madoa kama yangu yalivyokuwa angeanza kwa kuyasugua juu juu kwa dawa, kuyang'arisha, na pakigoma, kubandika utomvu wa rangi ya jino. Mashine ya kusaga ingekuwa ya mwisho kabisa.

Na shosti? Desemba ile aling'ara kuliko mimi. Januari akaacha mkorogo, na ndani ya wiki moja uso ukawaka moto, mwekundu, vipele tele. Akipaka tena unatulia, akiacha unawaka. Ndani mlikuwa na steroidi, zile zile ambazo hospitali wanakupa kwa ukurutu, siku chache na kwa kipimo. Ngozi ikawa nyembamba, mapajani ikajaa michirizi. Alipofanyiwa upasuaji wa uzazi kidonda kilichelewa kupona mpaka akawa anaogopa kujifunua. Juu ya mashavu kumebaki mabaka ya bluu nyeusi, ambayo madaktari wanasema huletwa na haidrokwinoni ikipakwa kwa muda mrefu, na kuyatoa ni kazi kubwa. Ulaya waliiondoa kwenye krimu za vipodozi tangu 2001. Kwetu nayo imepigwa marufuku, pamoja na steroidi na zebaki inayopita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS. Lakini kopo lisilo na lebo halipiti TBS, linapita kwenye pochi. Mwishowe alienda kwa madaktari wa ngozi pale KCMC Moshi, wakamshusha polepole. Hadi leo joto la Dar analipiga na mikono mirefu.

Mwezi jana binti wa dada yangu, miaka 19, kaja kutoka Meru na meno yetu yale yale, akaniomba namba ya kliniki. Nilimpa ya yule daktari aliyenigombeza. Nikamwandikia na maswali kwenye simu: mtaondoa nini, kiasi gani, kinarudi? Nikitaka kuacha baadaye naachaje? Amesema atafikiria. Anacheka wazi kuliko mimi nilivyokuwa umri wake, huenda hata asiende.

Shangazi wa Tanga bado mzima, alhamdulillah. Tulionana Idi iliyopita, akanishika kidevu, akaniangalia mdomoni vizuri kabisa, akamgeukia Baba watoto.

"Afadhali," akasema. "Kaacha sigara."